Miguu Yangu, Miguu ya Mwajuma

Kwenye arobaini ya Mwajuma, kule Mkolani, Mwanza, mimi ndiye niliyekuwa nainuka inuka. Wanawake wenzangu walikuwa mkekani, miguu wameikunja upande mmoja, wanachambua mchele na kuzungumza kwa sauti ya chini. Mimi nikikaa kidogo tu nyayo zinaanza kuchomachoma kama nimekanyaga upupu, nanyanyuka, nazunguka ua, nachungulia sufuria ambalo halikuhitaji kuchunguliwa, narudi, nakaa, nanyanyuka tena. Rehema, binti wa kaka yake Mwajuma, alinifuata na kikombe cha chai ya tangawizi. "Shangazi Koku, hujatulia tangu asubuhi. Kuna kitu umepoteza?" Nikamwambia hapana, ndivyo nilivyo. Akaniuliza kwa upole, kwa kuwa wageni nao walikuwa wakimuuliza yeye, "Wewe na shangazi Mwajuma mlijuana wapi hasa?" Nikasema hospitali. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na sinia, nikabaki na neno hilo mdomoni likinikera. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa halijasema chochote. Watu wanajuana hospitali kila siku, wanaazimana sabuni, wanaruhusiwa, wanasahauliana. Sisi tulilala vitanda viwili vilivyopakana, wasichana wawili wenye miguu isiyotikisika, mmoja akainuka na mmoja hakuinuka. Sababu ilikuwa ndogo kiasi kwamba haionekani kwa macho, na miaka yote niliyofundisha baiolojia sikupata namna ya kuieleza darasani bila kugeukia ubao kwanza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nasomea ualimu, na likizo nilikuwa naimalizia Nyakato kwa mama mdogo, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizopangana nyuma ya viwanda. Wakati ule pia nilikuwa situlii, ila kwa sababu nyingine: nilikuwa mzima. Nilikuwa natembea kwa mguu kutoka Nyakato mpaka mjini kwa kupenda tu. Tumbo liliniendesha siku chache, tukalaumu kuku wa harusi ya jirani, likapona, nikasahau. Halafu asubuhi moja nikajimwagia maji miguuni nikaona kama nimevaa soksi. Nikatazama; sikuwa na soksi. Jioni vidole vya miguu vilikuwa na ganzi, kesho yake ganzi ikapanda magotini na mikono nayo ikaanza, na siku iliyofuata nilikuwa natoka bombani na ndoo, magoti yakakunjika bila kuniuliza. Nililala kwenye maji yaliyomwagika nikicheka, kweli nilicheka, mpaka nilipojaribu kusimama. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Inuka, Koku, utapata homa."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuinuka, mama. Siwezi kuinuka."

"Maawe!" alisema, kwa Kihaya, akimwita mama yake aliyekwisha kufa, na mwiko ukamponyoka.

Wodi ya wanawake waliyonilaza ilikuwa mlimani, na madirisha marefu yaliyotazama ziwa, kuta za rangi ya maziwa yaliyochacha, na harufu ya dettol iliyokuwa ikishindwa kila siku saa ya chakula na harufu ya dagaa. Mwajuma alikuwa na miezi kadhaa pale. Alikuwa amenizidi miaka mitano hivi, mrefu, mweusi wa kung'aa, mtoto wa familia ya mafundi cherehani na mafundi seremala waliokaa mjini muda mrefu mpaka kabila lao likawa Mwanza. Kwao kulikuwa Mabatini, juu kabisa, mahali ambapo nyumba zimekaa kwenye mawe kama mbuzi. Alipanda kuanika nguo kwenye jiwe lililo juu ya nyumba yao, mvua ilikuwa imetoka kukatika, jiwe likateleza, akaangukia mgongo. Alinisimulia hayo siku ya kwanza, bila kuulizwa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Na mama mdogo, kila manesi waliponigeuza na mkono wangu ukaanguka kama kitambaa, alikuwa akisema, "Maawe! Maawe!" mpaka Mwajuma akamwambia, "Mama, shikamoo, ila naomba usiyataje. Mawe ndiyo yaliyonileta hapa." Mama mdogo akamweleza kwamba kwao hilo ni neno la kumwita mama. Mwajuma akacheka hadi nesi akaja kumtazama. Tangu siku hiyo mama mdogo akawa anakuja na hotpoti mbili, ndizi na maharage kwangu, ndizi na maharage kwake, na mama yake Mwajuma akileta sato wa kuchemsha na limau anamega vipande viwili, na wale wanawake wawili, mmoja na rozari shingoni, mwingine na mtandio, wakakaa katikati yetu wakitulisha kwa zamu na kulalamika juu ya bei ya mkaa.

Daktari wetu aliitwa Rwegoshora. Alikuwa kijana bado, ametoka masomoni nje si muda mrefu, na alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kidogo kabla hajaingia, kama mtu anayejikumbusha majina. Alinigonga magoti na nyundo yake ndogo ya mpira. Hayakuruka. Akagonga visigino, viwiko, hakuna kilichoruka. Akaniuliza kama niliumwa tumbo hivi karibuni nikashangaa alijuaje. Alinitoa maji ya mgongoni kwa sindano, akaenda, na aliporudi alivuta stuli.

"Wewe ni wa kwetu Kagera, umewahi kukata mgomba," aliniambia.

"Nimekata mingi."

"Ukiukata katikati unaona nini?"

"Tabaka. Tabaka juu ya tabaka, na katikati kijiti cheupe."

"Basi. Neva ni uzi mwembamba sana, unaoanzia mgongoni mpaka kwenye kidole cha mguu. Uzi huo haukai uchi. Zipo seli nyingine, za ukoo unaoitwa glia, kila moja imeshika kipande chake cha uzi, imejiviringisha juu yake, tena na tena, mpaka inakuwa kama huo mgomba. Kwenye tabaka hizo kuna mafuta. Ndiyo yanayoufanya ujumbe wa kutoka kichwani ukimbie. Ganda likibomoka, ujumbe unachechemea, unavuja, unapotea njiani. Wewe uliumwa tumbo, mwili ukatoa askari kupigana na vijidudu. Vita imekwisha, askari hawajarudi kambini. Tunadhani wamefananisha. Wanayashambulia maganda ya neva zako wakidhani ni adui."

"Na uzi wenyewe?"

"Naamini upo."

"Na hao wanaojiviringisha?"

"Hawajafa wote. Wanajua kujenga upya. Kwanza uchafu utafagiwa, halafu watajiviringisha tena. Ila hawana haraka, Koku, na kabla hujaanza kupanda utashuka zaidi. Ugonjwa ukifika kifuani nitakuwa na kazi."

Hiyo kazi niliielewa siku mbili tatu baadaye, niliposikia manesi wakizungumza nyuma ya pazia la kitambaa, wakidhani kwamba mtu asiyetikisika hasikii. Mmoja alisema, "Huyu mwanafunzi kifua kikisimama tunafanyaje? Mashine ya kupumulia ni moja na ina mtu." Mwingine akasema, "Tumwombe Mungu kisisimame." Kisha wakahamia kwenye mambo ya vitenge, ni vya nani vinavyochuja rangi. Nililala nikitazama dari, na kila kilichokuwa ndani yangu kilitaka kukimbia, na hakuna hata kidole kilichokubali. Sijui kama nimeshawahi kuwa na wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwili uliotulia kwa nguvu. Leo watu wakiniambia "tulia, mwalimu" wanadhani utulivu ni kitu kitamu.

Daktari alikuwa akipima kifua changu kwa njia rahisi: nivute pumzi, kisha nihesabu kwa sauti mpaka pumzi iishe. Kila siku nilikuwa naishia mapema zaidi. Alipoondoka, Mwajuma alikuwa akinihesabisha tena mchana, na tena alasiri, bila huruma. "Haya, mwalimu, vuta. Moja, mbili..." Nikikwama alikuwa ananitukana. Aliniita mvivu, aliniita mtoto wa ndizi, mara moja alinirushia ganda la chungwa likanipata shavuni, na nilikuwa siwezi kulitoa, likakaa pale mpaka nesi alipokuja. Siku ambayo sikuweza kufika kumi, mama mdogo alitoka nje kwenye korido na nilimsikia akisali kwa sauti ya juu, akichanganya Kiswahili na Kihaya. Uji ukawa unanipalia. Mama yake Mwajuma alikuwa akiniinamisha kichwa na kunipa nusu kijiko, nusu kijiko, akisema bismillahi kila mara, na ninaamini kwamba ni subira ya mama yule iliyonifanya nisizame kwenye kikombe cha uji. Siku iliyofuata nikafika palepale, na ya pili yake palepale. Halafu nikaongeza namba moja. Mwajuma akapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Umeisikia hiyo? Manesi! Ameongeza moja!"

Ilikuwa ni wiki ile ile, nikiwa naanza kupanda, ambapo Mwajuma alimuuliza daktari swali lake. Alikuwa amesikia habari za mgomba, neno kwa neno, na alikuwa amekaa nazo muda wote ule akizigeuza.

"Daktari, na mimi ninao hao wa kujiviringisha?"

"Kila mtu anao."

"Sasa wangu wanangoja nini?"

Dokta Rwegoshora hakuwa na kawaida ya kukaa kitandani kwa mgonjwa. Siku hiyo alikaa, kwenye mwisho wa kitanda cha Mwajuma, akaweka mikono juu ya magoti. "Dada, wako wa miguuni ni wazima kabisa. Ulipoumia ni ndani ya uti wa mgongo, na mle ndani wanaokaa ni wa ukoo ule ule lakini tabia nyingine. Uti ukipondeka, kuna seli zenye umbo kama nyota zinakimbilia pale, zinashikana mikono, zinajenga kovu. Zinazuia madhara yasisambae kwenda juu. Na zinafaulu. Mikono yako ni mizima kwa sehemu kwa ajili yao. Lakini nyuzi zilizokatika zikitaka kupita tena kwenda chini, zinakuta ukuta. Na wale wanaozifunga nyuzi mle ndani, tofauti na wa Koku, mabaki yao ndiyo yanayoziambia nyuzi zisimame."

"Kwa hiyo wananilinda."

"Ndiyo."

"Kwa kunifungia mlango."

Daktari alitazama mikono yake. Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza, hata mgonjwa wa mlangoni ambaye alikuwa akikohoa tangu asubuhi.

"Niambie kama unavyomwambia mtu mzima. Nitatembea?"

"Sitegemei, dada Mwajuma."

Mwajuma alitazama chini, si kwa huzuni, kwa makini, kama fundi anayetafuta ncha ya uzi. Kisha akasema, "Daktari, umeukalia mguu wangu. Nimeuona. Sijausikia."

Daktari aliruka kama aliyekalia moto. Mguu ulikuwa chini ya blanketi, umebanwa kabisa, na hakuna aliyejua, yeye wala mwenye mguu. Aliomba radhi, akaunyoosha mguu ule kwa mikono miwili, akaiangalia ngozi kama haikuumia, akaufunika, akaomba radhi tena. Mwajuma akamwambia hapana neno, ameupata ukweli, na ukweli nao una uzito.

Baadaye, nikiwa mwalimu, niliona kwamba kitabu tulichotumia kilikuwa kimewapa hao glia mistari michache tu. Jina lao, kilisema, linatokana na neno la Kiyunani la gundi. Kazi yao, kuzishikilia neva mahali pake. Sifa zote za kufikiri, kukumbuka na kupenda wakapewa wale wengine, wenye nyuzi ndefu. Nilikuwa nakisoma kifungu hicho huku nazunguka darasa, maana kusimama mahali pamoja siwezi, na nafungua kitabu kingine kichwani. Siku hizi wanajua mengi zaidi. Wanajua kwamba zile za umbo la nyota zinazilisha neva, zinafyonza kemikali iliyobaki baada ya neva mbili kuzungumza ili maneno yasigongane, na kwamba nyingine ndogo zinapita pita zikifagia na kupogoa viunganisho vya neva visivyotumika. Wanajua neva nazo zinajibu, kwamba ganda hujengwa vizuri zaidi pale uzi unapotumika, na kwamba uzi ulioachwa bila walezi wake hunyauka. Na juu ya lile kovu sasa wanabishana. Wapo wanaosema si adui tupu, kwamba ukilizuia mapema jeraha linazidi kupanuka. Nilimpelekea Mwajuma habari hizo miaka si mingi iliyopita, nikazisoma kwenye simu, nimesimama mlangoni kwake. Alikuwa akishona sare za shule, kama alivyoshona kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka figo zilipomshinda. Akasema bila kuinua macho, "Kwa hiyo hawajaamua bado kama niwashukuru." Nikasema bado. "Wakiamua niambie." Hawajaamua, na yeye ameondoka.

Lakini narudi mwaka ule, maana huko ndiko akili yangu inakokwenda ninapozunguka. Kupona kwangu kulianzia juu. Mabega kwanza, kisha viwiko, kisha vidole vya mikono vikaanza kushika kijiko kama vya mtoto. Miguu ilikuwa ya mwisho, na Mwajuma ndiye aliyeona kabla yangu.

"Mwalimu, kidole chako kimecheza."

"Hakijacheza."

"Kimecheza. Mimi kazi yangu humu ndani ni kutazama vidole, usinifundishe. Kicheze tena."

Nilikaza kila kitu nilichokuwa nacho, nikakaza mpaka taya zikauma, na chini kule, mbali kama ng'ambo ya ziwa, shuka likainuka kidogo. Mwajuma akaita manesi kwa sauti iliyopasuka. Wakaja, wakashangilia, mama mdogo akapiga vigelegele wodini. Na jioni ile Mwajuma aliisukuma sahani ya sato, akageukia dirishani, na mama yake akamfunika akisema amechoka. Hatukulizungumza. Wiki ile ile walimruhusu, kwa kuwa hapakuwa na la kumfanyia zaidi, na kaka yake Shabani, seremala, akaja kumchukua mgongoni.

Mabatini hapakukalika. Nyumba ilikuwa juu ya mawe, njia yake ni ya kurukia jiwe kwa jiwe, na Mwajuma alikaa chumbani wiki nyingi kama mzigo uliopandishwa dari. Shabani akakodi chumba Mkolani, mahali tambarare, mlango unafunguka barabarani. Akamtengenezea kiti cha mbao chenye magurudumu ya baiskeli, akamtafutia cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha, kwa kuwa ya kukanyaga haikuwezekana. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa, niko Nyakato na fimbo, neva zangu zikirudi kwa moto: usiku na mchana miguu ilikuwa inaungua, inatekenywa, inapigwa shoti. Nilikuwa siwezi kulala wala kukaa. Nilitembea kuzunguka nyumba mpaka majirani wakazoea mlio wa fimbo. Nilipoweza kuiacha, safari ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa Mkolani.

Aliniona tangu barabarani. Aliacha kuzungusha cherehani. Nilikuja nikitabasamu, nikiyumba kidogo, mikono imetanda kama mtu anayevuka gogo, nikafika mlangoni na kusema, "Dada, shikamoo, hodi."

"Rudi ulikotoka."

Nilidhani ni utani. Nikaweka mguu kwenye kizingiti.

"Nimesema rudi, Koku." Hakusema mwalimu. "Unataka nipige vigelegele? Nilikupigia. Nilikuhesabia pumzi. Zamu yangu imekwisha. Usije hapa kunionyesha miguu."

"Sikuja kukuonyesha."

"Umeacha fimbo nyumbani ya nini?"

Nikautoa mguu kizingitini. Shabani alitoka uani na randa mkononi, akasimama, akatutazama kwa zamu, akarudi uani. Nilirudi Nyakato, na wiki zile nilikula bila kujua ninakula nini. Mama mdogo alisema nimwache, mtu aliyeungua hashikwi. Chuo kikaniandikia niripoti. Nikaanza kufunga sanduku, nafungua, nafunga.

Ndipo Shabani akaja. Hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. "Mwajuma anakuita," alisema. "Amesema uje, na uje na hiyo miguu yako."

Nilimkuta amevaa, amejipaka wanja, anangoja. Hakuomba radhi wala sikuomba. Aliniambia Shabani ameazima mkokoteni, na kwamba anataka kwenda ziwani, upande wa Nyegezi, pale penye mawe mapana. "Nasikia baridi miguuni," alisema. "Sasa ni wiki ya tatu. Usinitazame hivyo. Inakuja alfajiri, kama mtu ameniwekea kitambaa chenye maji. Nimemwambia mama, akalia. Nimemwambia kaka, akasema labda. Wewe ndiye nataka uwepo, maana uso wako haujui kudanganya." Nilimkumbusha alichosema daktari. "Daktari alisema hategemei," akanijibu. "Hakuapa."

Tulikwenda asubuhi, Shabani akivuta, mimi nikishikilia kwa nyuma zaidi ili nisianguke kuliko kusukuma. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati jipya. Wanawake wawili walikuwa wakianika dagaa mbali kidogo, wakatusalimia, wakaendelea na kazi yao. Shabani akambeba mpaka kwenye jiwe lililoinamia maji, akamkalisha, nikakaa kando yake nikamshika kiuno. Akavua mtandio wake, akajifunga machoni, fundo kwa nyuma, akalikaza.

"Msiniambie kitu," alisema. "Nishusheni polepole. Yakinifika nitasema mwenyewe."

Shabani aliingia majini na suruali yake. Akaushika mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaishusha yote miwili kwa upole niliouona kwake tu, maji yakapanda kwenye vidole, kwenye vifundo, katikati ya miundi. Mwajuma alikuwa ameinua kidevu, midomo imeachana kidogo, akisikiliza kwa mwili mzima. Nilikuwa naomba. Sijui nilikuwa namwomba nani, nadhani niliwaomba hao wenyewe, wale wa umbo la nyota, waachane mikono kidogo tu. Maji yakafika magotini. Samaki wadogo walikuja wakaanza kudonadona vidole vyake.

"Bado?" akauliza. "Mbona mnachelewa? Shabani, nishushe bwana."

Shabani aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Yako magotini, dada," nikasema.

Hakutikisika. Nilihisi pumzi ikimwingia na kukaa, muda mrefu, mtu angeweza kuihesabu. Kisha akaufungua mtandio, akatazama chini, akawaona samaki, akaona mikono ya kaka yake imemshika visigino. Alitazama kwa makini yale yale ya siku ile ya blanketi. Sikumwona akilia. Alinyoosha mkono akayagusa maji kwa vidole, akautoa, akausugua kwenye nguo.

"Weka na wewe," akaniambia.

Nikavua viatu, nikashusha miguu yangu kando ya yake. Neva zangu zilikuwa mpya, ganda lake bado jembamba, na lile ziwa lilinipanda kama kisu. Nilipiga ukelele, nikataka kuitoa.

"Usitoe. Yana baridi?"

"Yana baridi."

"Sana?"

"Sana, dada."

"Hivyo hata mtoto angesema. Wewe ni mwalimu. Niambie vizuri."

Nikamwambia. Nikasema inaanza kwenye vidole, inauma, si kama sindano, kama kung'atwa na kitu kisicho na meno. Nikasema kisha inapanda kwa nyuma, kwenye visigino, inakuwa nzito, na kwamba juu ya maji pana mstari, kama bangili, ambapo baridi inaisha na jua linaanza, na kwamba samaki wakigusa mtu anataka kucheka na kukasirika kwa pamoja. Nikasema chini kwenye jiwe pana utelezi, laini, kama ulimi. Nikasema ile ya kuuma sasa inapungua, miguu inaanza kuzoea, inapata joto lake yenyewe kwa ndani. Nikanyamaza, nikidhani imetosha. Shabani alikuwa bado amesimama majini amemshika.

"Endelea," Mwajuma akasema.